Raundi ya Tatu

Banda la Mama Lugano lilikuwa nyuma ya stendi ya Tukuyu,
mabati juu, mabati ubavuni, vumbi la mbao chini linyonye tope,
na mvua ile yetu isiyojua kubisha hodi
ikigonga paa hata usisikie ngumi.
Shilingi mia, raundi tatu. Ukishinda unabaki.
Ukishindwa unampisha mwenzio,
unakwenda kubandika makalio kwenye kreti la soda.

Gemu lenyewe lilikuwa kuukuu tangu siku lilipokuja,
diski imekwaruzika kama kisigino cha mchuma chai.
Maandishi yake hakuna aliyeyajua:
vijumba, vijiti, mikwaju ya wino.
Tulichoelewa ni sare. Wanafunzi, kola zimesimama,
shule kwa shule, klabu kwa klabu,
kengele, kisha mateke.

Tukawabatiza.
Mwenye rungu tukamwita Mlinda Mahindi.
Msichana wa zeze, Kwaya ya Masoko:
akivuta uzi mmoja tu, uko chali.
Yule wa kuogelea, kifua wazi, hakuna aliyemchagua.
Tulihisi baridi kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa Kilimo. Atuganile alikuwa Mdahalo.
Shuleni kulikuwa na chumba kimoja cha ziada,
kufuli moja, ufunguo mmoja.
Wao walitaka waweke meza ya kugonga wakisema "hoja!"
Sisi tulitaka mbegu za viazi zisituozee.
Mwalimu Mwakalobo akasema: elewaneni.
Tukaelewana kwa kuvunja dirisha.
Baada ya viboko, mtu akasema, basi twendeni bandani.

Jumamosi ile pumzi zetu zilikuwa mvuke.
Kilimo upande wa jiko, Mdahalo upande wa mlango,
wakinukuu vifungu vya katiba yao ya kurasa mbili.
Atuganile akachukua Kwaya. Mimi Rungu.
Raundi ya kwanza alinimaliza natafuta kitufe.
"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, bila kunitazama,
"naomba kuendelea."
Wakacheka, hata wa kwetu.
Ya pili nikalipiza, kwa ubishi, kwa kitufe kimoja,
kama mtu anayemaliza ngwe bila kuinua kichwa.

Ya tatu, vidole vyangu sivikumbuki.
Nakumbuka mistari ya uhai, myekundu,
wake unywele, wangu nusu ya unywele,
na mimi nikaruka.
Rungu juu. Zeze limeelekezwa juu.
Na pale pale hewani

wakakata.

Giza, mvua, na sauti ya Mama Lugano: "Asiguse mtu waya!"
Tukangoja hadi chai ikaisha kwenye birika.
Umeme ulirudi Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa mtihani.
Chumba wakapewa Skauti.

Miaka ishirini.
Mimi natembea Kyimbila nikiwashauri watu parachichi.
Yeye ni karani wa mahakama, ananyamaza kutwa
wengine wakibishana.
Juzi tumekutana sokoni, ameinamia fungu la magimbi.
Hakunisalimu. Alisema:
"Ungeanguka vibaya."
Nikamwambia, hujui.
"Najua. Nilikuwa nimeshabonyeza."

Nikamlipia magimbi. Sijui kwa nini.
Akayapokea kama mtu anayepokea hukumu iliyochelewa,
akahesabu, akarudisha moja lililooza.

Usiku mvua ikaja. Nikalala nikisikiliza bati.
Mahali fulani kijana wangu bado yuko juu,
kola imesimama, rungu nyuma ya kichwa,
hajagusa chini,
na chini yake msichana amekunja kidole kwenye uzi.
Mke wangu akauliza, "Gwamaka, mkono una nini?"
Nikautazama.
Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza blanketi.